Mama Ameonja

Kila kopo la siagi ya karanga lililotoka kwenye kiwanda kile lilikuwa na picha ya Mama, kijiko mdomoni, na chini yake maneno mawili: MAMA AMEONJA. Si mbwembwe za matangazo, jamani. Miaka ishirini Mama alionja kila pipa kwa mdomo wake mwenyewe, na lisilompendeza lilimwagwa bila mjadala. Watu walinunua kwa sababu hiyo tu. Bintiye, ambaye ndiye meneja, alilijua hilo, na kwenye mabango mapya hakuongeza hata neno moja.

Asubuhi ya kuja kwa mnunuzi wa maduka makubwa, fundi wa kusaga alileta kijiko cha pipa jipya. Binti alikuwa kwenye simu, amewapa mgongo, anagombana na mchapishaji wa mabango. Mama akalamba, akasema, "Tamu. Pakieni."

Binti alipokata simu akachovya kidole, akalamba, akatema palepale. "Mama! Mbona chungu hivi? Karanga zimekaa hizi!"

Fundi akajifanya ana kazi nje. Mama akavuta kiti, akaketi taratibu.

"Tangu ile homa ya mwaka jana sisikii ladha, mwanangu. Chumvi, sukari, kwangu yote maji."

"Mwaka mzima? Sasa ulikuwa unaonjaje?"

"Si wewe hulamba kabla yangu? Mimi naangalia uso wako. Leo ulinipa mgongo."

Binti alimwonea mama yake huruma, na papo hapo alimkasirikia. Mara honi ikalia getini. Mnunuzi kawahi, tena kaja na bashasha zake: "Mkataba ninao mkononi, lakini kwanza nimuone Mama akionja kwa macho yangu mwenyewe!"

Pipa lililokuwa tayari ni lilelile. Afanyeje sasa? Akisema ukweli, jina la kiwanda limekwisha, na kazi za watu arobaini zimekwenda nalo. Akitabasamu, Mama atasema tamu, na uchungu ule utaingia kwenye mkate wa watoto wa watu ukiwa na picha ya mama yake juu. Mama alikwisha kutia kijiko mdomoni. Macho yake yalikuwa yakimtafuta bintiye, yana woga ambao binti hakuwahi kuuona.

Binti akakunja uso.

"Mwaga!" Mama akafoka. "Pipa zima! Nani kanunua karanga hizi?"

Mnunuzi akapiga makofi. "Loo! Mwenye mali anamwaga mali yake mbele ya mteja! Huyu ndiye Mama wa kwenye kopo. Nipeni kalamu."

Binti akampa kalamu. Angeweza kusema wakati ule. Alifungua mdomo kabisa, yakatoka maneno "Karibu chai." Aibu ilimchoma, lakini mnunuzi alikwisha kuinama, anatia sahihi ukurasa baada ya ukurasa.

Mama akamvuta bintiye karibu, akamnong'oneza sikioni: "Nimepatia?"

"Umepatia, Mama," akajibu, na hakuthubutu kumgeuzia uso.