Harusi Iliyong'oa Maharage Yangu

Kisiwa chetu cha Capri ni kidogo, ukipiga chafya huku wanakuombea uzima kule, lakini kina miji miwili na miji hiyo haijapatana tangu Nuhu aliposhuka safinani. Watu wa chini, wa mji wa Capri wenyewe, huwaita wa juu mbuzi. Watu wa juu, wa Anacapri, huwaita wa chini waosha masahani ya watalii. Mimi Aniello nilizaliwa chini, nikaenda kuendesha viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani huko juu mpaka nikastaafu. Basi chini naitwa msaliti, juu naitwa mpelelezi. Nimezoea.

Sasa mjukuu wangu Titina, yatima niliyemlea kwa mikono hii, akaenda kupendana na Fiorenzo wa Anacapri.

Mapenzi hayakuwa na shida. Shida ilikuwa ukumbi. Dada yangu Filumena ana mgahawa kando ya uwanja wa Capri, mahali ambapo hata kahawa huletwa imevaa tai. Akasema harusi ni kwake. Ersilia, mama yake Fiorenzo, ana baraza yenye malimau kule Anacapri, na anaapa kwamba kukipambazuka vizuri unaona Afrika. Naye akasema ni kwake.

"Mimi nipande kwa mbuzi na viatu vya kisigino?" alifoka Filumena.

"Mimi nishuke nikale mabaki ya Wamarekani?" alijibu Ersilia, kupitia kwangu, maana hawasemeshani.

Titina akanijia macho makavu. Angelia ningepumua. "Babu, nimechoka nao. Ikifika Jumapili ya Mitende hawajapatana, naolewa Ischia. Na nitahamia huko huko."

Ischia! Kisiwa cha jirani, watu wanaojisifia sungura wao wa nyanya na divai kana kwamba wao ndio waliomuumba sungura.

"Bora uolewe jela, mwanangu."

"Jela hakuna bahari, babu."

Sina mtu mwingine duniani. Nikaona nisipofanya kitu, nitazeeka nikiongea na sungura wangu.

Viti vya mlimani kwetu vinabeba mtu mmoja mmoja, miguu ikining'inia hewani. Vya kupanda na vya kushuka vinapishana karibu kiasi kwamba unaweza kumtemea jirani. Chini yake ndipo lilipo shamba langu, la sungura na maharage ya mbegu aliyoniachia marehemu mke wangu. Viatu vya watalii huangukia humo kila kiangazi. Ninavyo vya kuvalisha jeshi zima, ila vyote vya mguu wa kushoto.

Nikamwambia Ersilia kwamba kileleni kuna baraza ambapo mji wa Capri hauonekani hata paa. Akapanda. Alipoanza kushuka, tayari nilikuwa nimempakia Filumena, niliyemwambia kwamba kutoka baraza hiyo hiyo mtu anaweza kuwatemea watu wa Anacapri bila kujitahidi. Mimmo, aliyerithi kazi yangu, alikuwa amekwenda kunywa kahawa, na kahawa ya Mimmo ni safari. Walipofika sambamba, nikabonyeza kitufe.

Waya ukasimama.

"Aniello! Limekufa hili dude lako?" akapiga kelele Filumena.

Nikachukua kipaza sauti. "Halijafa, dada. Linasubiri. Chagueni ukumbi, mtashuka."

"Nitakuua!"

"Shuka kwanza."

Wakageukiana. Ilikuwa mvua ya mawe.

"Mwanao ana bahati kupata msichana anayejua kushika uma!"

"Na wako ana bahati kupata mume ambaye hajanunuliwa na watalii!"

"Nyamaza, maziwa ya mbuzi yanakutoka puani!"

"Na wewe rangi ya nywele inakutoka shingoni!"

Kweli ilikuwa inatoka, jua lilikuwa kali. Ersilia akavua kiatu akamrushia. Kikamkosa, kikazama kwenye maharage yangu.

Nikasema kwa upole, kwa kipaza sauti, "Endeleeni tu, mama zangu. Titina anaolewa Ischia."

Ersilia, aliyekuwa akivua kiatu cha pili, akakirudisha mguuni.

"Ischia?" akasema Ersilia. Ndipo walipotazamana usoni.

"Watatucheka miaka mia," akasema Filumena.

"Watatulisha yule sungura wao."

"Lakini kwako siji."

"Na mimi kwangu sikutaki."

Macho yao yakakifuata kiatu kule chini.

"Shamba lile la nani?" akauliza Ersilia.

"La huyo mwehu, kaka yangu."

"Udongo ni wa Anacapri," Ersilia akasema polepole.

"Jasho ni la Capri," akasema Filumena.

Wakanigeukia. Walitabasamu, na sijawahi kuona kitu kibaya kama kile. "Aniello! Ng'oa maharage!"

"Mbegu ya marehemu! Ndiyo kwanza yanatoa maua!"

"Ng'oa!" wakasema kwa pamoja, kama kwaya. Wazee wanasema haikuwahi kutokea kinywa cha juu na kinywa cha chini kutamka neno moja.

Nikawashusha. Filumena akanipiga kofi. Ersilia alitumia kiatu kilichobaki.

Nikang'oa. Mwezi wa sita nikamshika mkono Titina nikampitisha pale pale palipokuwa na matuta, bahari yote ikitutazama, na nyumba yake na Fiorenzo iko hatua chache kutoka kwangu. Filumena na Ersilia walikaa wakipeana migongo. Na kwa kuwa maharage yalikwisha, sungura hawakuwa na cha kula, nikawapika mwenyewe kwa nyanya na divai.

Filumena alisafisha sahani kwa mkate. "Mzee mbaya wewe, lakini mchuzi huu unaujua. Huu ni wa kwetu chini."

"Wa juu," akasema Ersilia bila kugeuka, akipakua tena.

"Wa Ischia," nikasema.

Wakainuka, viti viwili vikaanguka kwa wakati mmoja.

"Kimbia, babu," akaninong'oneza bibi harusi.