Balbu ya Kuagia Koili

Karakana nzima ilimwita Shangazi, na kwa miaka ishirini na sita hakuna koili, furushi la waya uliozungushwa, iliyotoka pale bila kupita mikononi mwake. Alikuwa na desturi moja: akishaijaribu koili kwa betri, hachomoi waya mpaka aunganishe balbu ya nyumbani kwenye ncha zake mbili. Alisema anaiaga. Balbu ile, ambayo betri ilishindwa hata kuitia wekundu, iliwaka ghafla mara moja kila alipochomoa, ikazimika.

Ndipo tajiri, mwenye karakana, akamleta mkwewe awe msimamizi. Kijana alikuja na vyeti vitatu vyenye fremu, akavitundika ukutani kwa nyundo ya Shangazi, na hakuirudisha.

Siku ya tatu alimkuta akiiandaa koili kubwa ya sumaku ya kunyanyulia vyuma chakavu, tayari iko kwenye betri, balbu mkononi. Akauliza huo ni uganga wa wapi. Shangazi akamweleza taratibu: umeme ukipita kwenye koili hujenga sumaku kuizunguka, na sumaku hiyo ndiyo ghala. Ukikata umeme ghafla, ghala linabomoka, na kilichomo lazima kitafute mlango. Balbu ndiyo mlango.

Msimamizi alicheka mpaka akafuta machozi. Betri ya volti kumi na mbili, alisema, haimtishi hata kifaranga. Akamwita baba mkwe ashuhudie: angechomoa waya kwa mikono mitupu, na lisipotokea jambo, Shangazi akalee wajukuu.

Shangazi alikitazama kiti chake. Angeweza kunyamaza tu. Lakini binti wa tajiri bado alimhitaji mumewe, basi akamsogezea koili nyingine, ndogo kama kopo la maziwa, nayo ikiwa na betri yake.

"Anza na hii, mwanangu."

"Hata hiyo kubwa ningeiweza, Shangazi. Wewe funga virago."

Msimamizi akazibana ncha mbili za ile ndogo kwa vidole gumba, akachomoa waya wa betri.

Wanaojua kupima wanasema aliruka futi tatu. Shangazi, ambaye hapendi chumvi, anasema nne. Mgongo wa kijana ulipiga ukuta, na elimu yote ikaanguka chini, fremu baada ya fremu.

Tajiri alikohoa, akauliza sasa nani anafunga virago.

"Ile kubwa bado iko kwenye betri," Shangazi akasema, akikaa kitini. "Nani anaiaga?"

Msimamizi akainuka, akaipokea balbu kwa mikono miwili, kama yai.