Akiba Kifuani mwa Ngeleka

Jumapili moja ya mwaka 1954, saa sita mchana, Ngeleka alifunga tai, akaketi mezani nyumbani kwake Kapata, kambi ya wafanyakazi wa mgodi huko Kongo ya Wabelgiji, ili ale mbele ya kamati. Walikuwa Wazungu watatu wenye madaftari. Wakiridhika na jinsi anavyoshika uma, wangempa karte ya evolue, yaani cheti kwamba Mwafrika huyu sasa ni mtu. Wao wenyewe hakuna aliyewahi kuwakagua.

Ngeleka hakuhitaji utu wao. Alihitaji mpira. Tangu Pasaka mlango wa tumbo lake ulikuwa umekataa kufunguka. Chakula kilibaki kifuani, kingine kilipotea njia kikaingia mapafuni, na homa ya mapafu ilikuwa imemlaza mara mbili. Mpira wa zebaki, unaopitishwa kooni kufungua mlango huo, ulikuwa katika hospitali ya Wazungu, na bila karte huingii. Daktari wa kambi alimpa dawa ya minyoo.

“Tata, kula polepole,” mkewe Tshibola alimnong'oneza. “Banakuangalia.”

Alikula vizuri, uma kushoto, kisu kulia. Kwenye kipande cha nne alikohoa, na milo ya majuma saba ikarudi mezani: bukari ya Pasaka, ule ugali mgumu, sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, samaki wa Dilolo, kila kimoja katika sahani yake, kingali moto. Tshibola alikwenda kuazima meza ya jirani.

Mwenyekiti wa kamati, mtu wa shingo nene na akili finyu, alionja samaki.

“Chumvi iko wapi?” aliuliza.

Walikula saa mbili nzima. Walilegeza mikanda, wakalamba vidole. Ngeleka aliwadharau kwa moyo wake wote, lakini aliwasogezea pilipili, maana mpira ulikuwa mikononi mwao.

Barua ilikuja baada ya siku tano. Karte imekataliwa: mwombaji hurudisha chakula mbele ya wageni. Tena, kwa kuwa ana akiba kifuani, posho yake ya unga inapunguzwa nusu. Ngeleka aliisoma kitandani, homa imempanda, mapafu yakikoroma.

“Bale bantu habana haya hata kidogo,” Tshibola alisema.

Jumapili iliyofuata kamati ilirudi bila kualikwa, pamoja na wake zao na chupa mbili za divai. Tshibola alikuwa ameshapanga sahani, angefanya nini? Wageni walijifunga vitambaa shingoni, wakamgeukia mgonjwa.

“Kohoa,” mwenyekiti alisema.