Kiti cha Miezi Sita

Viti vilikuwa kumi na viwili, watoto ishirini na wanne. Balaa lote lilianzia hapo.

Mimi ni muuguzi, na mwaka ule niliajiriwa kwenye utafiti wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Tulitaka kujua jambo moja: mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe akikalishwa wima kwenye kiti maalumu, je, atakula vizuri na kupunguza kupaliwa? Nusu ya watoto wangepewa viti kwa miezi sita, kisha viti vihamie kwa wenzao waliosubiri. Kwenye karatasi ilikuwa haki tupu. Wazazi walisaini.

Mmoja wa waliotangulia alikuwa binti wa miaka minne. Bibi yake alimwita Bosi, kwa sababu akiguna tu, nyumba nzima inasimama. Kabla ya kiti, mama yake, mshonaji, alimpakata kwa mkono mmoja na kumlisha kwa mwingine, saa nzima kwa bakuli moja, kichwa kikianguka nyuma na chakula kikienda kusikotakiwa. Vifua havikumwisha. Alipopata kiti, aliongezeka kilo mbili, nilimpima mwenyewe. Akajifunza hata kusukuma kijiko akishiba.

"Sasa bosi kapata ofisi," bibi alisema.

Siku ya kukichukua nilimkuta amefungwa mkanda kitini, shavu limejaa ndizi iliyopondwa.

"Karibu, dada," Mama Bosi alisema. Kisha akaona sitoki mlangoni. "Ndiyo leo?"

"Ndiyo leo. Tulikubaliana."

"Nilisaini, sikatai. Lakini nilisaini kabla sijaona." Akamfuta mtoto mdomo. "Si mmeshajua kinasaidia?"

"Inaelekea hivyo. Lakini mpaka tulinganishe."

"Mlinganishe nini? Akiwa nacho anakula, akikikosa anapaliwa. Mimi wa cherehani nimeshamaliza utafiti wenu."

Nikamwambia kuna mama mwenzake amesubiri miezi sita na mtoto wa umri uleule. Hilo lilimnyamazisha, nami nikajichukia, maana nilijua litamnyamazisha.

Alifungua mkanda. Bosi akaguna. Bibi akampakata, akageukia ukutani.

"Nipe saa moja tu," Mama Bosi akasema. "Fundi seremala yupo hapo nyuma. Akipime. Sikiibi."

Kanuni zetu zilikataza. Mtoto aliyerudisha kiti hakutakiwa kupata kingine, ili tuone kama faida inadumu. Yaani tukae tungoje tuone kama atarudia kupaliwa. Sentensi hiyo nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila shida. Nje dereva alipiga honi. Nikamwambia azime gari.

Kiti cha kwanza cha seremala hakikufaa: Bosi aliteleza mpaka mkanda ukamfika kidevuni. Cha pili kilimbana nyonga. Mama Bosi alinipigia simu akilia kwa hasira.

"Vipimo ni vilevile, dada! Mbona hakai?"

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Tukaona mbao za fundi ni nene, zimekula nafasi ya ndani. Fundi akatengeneza kingine kwa mbao nyembamba, akaongeza kipande cha kutenganisha magoti. Kwenye hicho cha tatu mtoto akakaa.

Niliripoti mwenyewe, sikutaka kuchafua takwimu kwa uongo. Daktari aliyeongoza utafiti alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua kanuni?"

"Nilijua."

"Kamati ya maadili ikiuliza, nitasema nini?"

"Sema mama yake alichoka."

"Hilo haliingii kwenye jedwali."

"Kwa nini hatukuomba viti ishirini na vinne?"

"Unadhani sikuomba?" Alivua miwani, akasugua macho. "Niliomba mara mbili."

Hasira yangu ikakosa pa kutua.

Alinitoa kwenye ziara za nyumbani, akaniweka kuingiza fomu kwenye kompyuta. Hapo ndipo nilipoziona fomu za wale wengine kumi na mmoja waliorudisha viti. Uzito ulishuka mwezi baada ya mwezi, vifua vikarudi. Zilikuwa takwimu safi, hazina dosari. Niliziingiza zote.

Ripoti ilisema viti vinasaidia, ila utafiti zaidi unahitajika. Bosi alipata mstari mmoja chini ya jedwali: mshiriki mmoja aliondolewa kwa kutofuata utaratibu.

Nilimpelekea Mama Bosi nakala, nikamsomea. Alisikiliza huku akikanyaga cherehani.

"Na wale kumi na mmoja?"

"Wamerudi kwenye kupakatwa."

Cherehani ikanyamaza. "Nipe namba zao za simu. Nitawaelekeza kwa fundi."

"Namba za washiriki ni siri, Mama Bosi. Siruhusiwi."

Aliniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyemharibia kitambaa.

"Haya, dada," akasema, akarudi kwenye mshono wake. "Kafuate utaratibu."

Nilipofika mlangoni niligeuka, nikamwuliza kama ninaweza kuwapa wao namba yake. Alitikisa kichwa kukubali bila kuinua macho. Nimeshawapa wote kumi na mmoja. Mpaka leo wamempigia wanne.