Kichwa cha Safu ya Tatu

Mwaka sabini na nne, ofisi moja ya serikali pale Tabora ilikuwa na desturi yake ya kutengeneza orodha: majina kwanza, kichwa cha safu baadaye. Karani alijaza majina mpaka chini, juu akaacha wazi, kisha mkubwa akaamua watu wale waitwe nini.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, karani Bernadeta alimaliza safu ya tatu. Ilikuwa na wakuu wa kaya mia mbili na kumi na wanne kutoka upande wa Bukene, walioezuliwa mapaa na kupakiwa kwenye malori kupelekwa vijiji vipya. Safu mbili za kwanza zilikwisha kupewa vichwa: Waliofariki, na Hawajulikani Walipo.

"Hii niiteje, Ndugu Mfaume?"

Mkuu wake hakuinua macho kwenye chai. "Waliohama kwa Hiari."

Ala, hiari gani! Baba yake Bernadeta mwenyewe alikuwamo, mstari wa mia na tatu. Akaandika hivyo hivyo.

Wino haujakauka, watu wa safu ile wakafika. Walisimama koridoni mmoja nyuma ya mwingine, kwa mpangilio uleule wa karatasi, na foleni ikapitiliza nje hadi kwenye njia ya zamani ya misafara. Waliweza kuongea, kujikuna, hata kuchuchumaa. Kutoka kwenye mstari hawakuweza. Mfagizi aliwazunguka na ufagio wake, akinung'unika kwamba wangemwambia mapema.

Baba yake, Mzee Kasimiri, alikuwa kabeba kichwani mlango wa nyumba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani kaandika hayo maneno ya juu?"

"Mimi."

"Haya. Basi yafute."

Alifuta, akaandika Waliohamishwa kwa Nguvu. Foleni ikalegea, watu wakaanza kunyoosha miguu. Ndugu Mfaume akaja, akasoma, akampokonya kalamu na kuyarudisha maneno yake kwa mwandiko mzuri sana. Foleni ikanyooka tena.

"Nihamishie safu nyingine," mzee akasema.

"Zimebaki Waliofariki na Hawajulikani Walipo, baba."

"Waliofariki. Maiti huruhusiwa kurudi kwao."

Bernadeta aliandika huku analia, wala hakujificha. Mzee akatoka kwenye mstari, akampa mkono, akaenda na mlango wake kupanda treni ya Bukene. Hakuna aliyemwomba tiketi.

Saa nane Ndugu Mfaume akahesabu. "Mia mbili na kumi na tatu? Idadi imeshatangazwa redioni! Mrudishe mzee wako."

Bernadeta hakumrudisha. Kwenye nafasi ya mia na tatu aliandika jina lake mwenyewe, na miguu ikampeleka koridoni. Ndugu Mfaume, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliagiza meza ya Bernadeta isogezwe hapo ili kazi isilale.

Nyuma yake alisimama bibi mmoja, Swaumu, aliyekuwa amembeba kuku.

"Na wewe lori lilikukuta unapika?"

"Hapana, bibi. Mimi nimekuja mwenyewe. Kwa hiari."

"Kumbe!" Bibi Swaumu akamgeukia aliye nyuma yake, akamwambia. Yule naye akamwambia wa nyuma yake. Habari ikateremka mstari mzima mpaka barabarani, na watu wote wakainua shingo wamwone.