Wenzo wa Kikongwe

Chama cha Régis Pichot kilikuwa na watu kumi na mmoja, banda moja la bati katikati ya mashamba ya ngano ya Beauce, Ufaransa, na ugomvi mmoja usiokwisha. Ugomvi wenyewe ulihusu wenzo.

Kwa miaka tisa watu hao walikuwa wakiifufua ndege ya kivita ya mwaka 1939, waliyoipa jina la Kikongwe, na hawakukubali kitu chochote ndani yake kiwe cha mwaka mwingine. Ukiwaambia skrubu ya 1946 inafanana na ya 1939, wanakutazama kana kwamba umewatukania mama zao. Rangi waliikoroga upya mara saba. Hata mkanda wa kiti waliutafutia fundi anayejua kushona kama zamani, wakampata umbali wa kilomita mia nne. Na wenzo wa mafuta, ule unaoongeza na kupunguza nguvu za injini, waliurudisha kama ulivyokuwa: siku zile rubani wa Kifaransa aliuvuta wenzo kwake ili apate nguvu, na kuusukuma mbele ili apunguze. Siku hizi marubani hufanya kinyume chake. Baada ya vita Kikongwe naye alikuwa amegeuzwa akafuata wengine. Wao wakamgeuza tena.

Fulbert Lecocq, fundi wa injini, alikuwa mtu pekee aliyepiga kura ya hapana. Haukuwa uvivu, na hakuna aliyependa ndege ile kuliko yeye. Ila rubani alikuwa Edwige, binti yake wa pekee. Kwa miaka kumi na minne Edwige alikuwa akiendesha ndege za kawaida, zile zinazovuta angani ndege zisizo na injini, na siku zote hizo mkono wake wa kushoto ulisukuma ili kupata nguvu.

"Mkono una akili zake," Fulbert alimwambia. "Siku ya hatari hautakuuliza. Utafanya ulichozoea."

"Nimefanya mazoezi, baba."

"Kwenye kiti cha jikoni!"

"Kwenye kiti cha jikoni, miezi mitatu, na mwiko mkononi. Hata paka wangu sasa anajua kuvuta ndiyo nguvu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kama huniamini sema tu."

"Wewe nakuamini. Huo mkono ndio siuamini."

"Mkono ni wangu, baba."

Siku ya kuruka ikafika, Jumapili ya mwezi wa sita, mwaka 2009. Kikongwe alikuwa aende angani saa kumi alasiri, kwa mara ya kwanza tangu enzi za mababu. Mgeni wa heshima alikuwa mzee Octave, mwenye miaka tisini na moja, aliyewahi kuwa fundi wa ndege za aina hiyo vitani. Aliletwa na gari la nyumba ya wazee, na muuguzi wake pembeni.

Asubuhi Edwige aliwasha injini kuijaribu. Ikalia vizuri, ikapanda, ikashuka. Lakini alipokuwa akiizima, Fulbert, aliyesimama juu ya bawa, aliona mkono wa kushoto wa binti yake ukisita juu ya wenzo. Ni nukta moja tu. Labda alikuwa anapangusa jasho. Fulbert hakuuliza, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu mtu asiyeuliza hujijibu mwenyewe.

Saa sita na nusu watu walikwenda mezani. Nchi ile chakula cha mchana cha Jumapili hakiahirishwi hata kwa vita, na Régis mwenyewe alikuwa ameoka mguu wa kondoo. Meza ndefu ilitandikwa ubavuni mwa banda, kivulini. Fulbert alisema anakwenda kunawa mikono.

Hakwenda kunawa. Aliingia bandani, akatokea mlango wa mbele, Kikongwe alipoachwa nyasini, akafungua bamba la ubavuni mwa injini, akaingiza mkono. Ufito wa chuma unaotoka kwenye wenzo ulifungwa kwa bolti kwenye tundu la juu la kipande kidogo cha chuma. Tundu la chini, lile la baada ya vita, lilikuwa bado lipo. Kuihamisha bolti kutoka juu kwenda chini kulichukua dakika sita, na Kikongwe akawa ndege ya kusukuma. Sheria ya chama ilisema kila bolti inayoguswa huandikwa daftarini na kutiwa sahihi na watu wawili. Fulbert ndiye aliyeitunga sheria hiyo. Hakuandika kitu.

Alikuwa na mpango. Kahawa ikishanywewa atamchukua Edwige pembeni, atamwambia, "Mwanangu, nimekosa, lakini nimeshafanya. Leo sukuma kama ulivyozoea, kesho nitarudisha." Edwige atafoka. Na afoke. Mwenye hasira ni mtu aliye hai.

"Fulbert!" wakamwita aliporudi. "Ulikuwa unanawa mikono au unaoga?"

"Anajipodoa, kuna wageni," akasema Régis, na meza nzima ikacheka.

Akaketi. Nyama ikapita, maharage meupe yakapita, ikaja jibini. Edwige aliketi upande wa pili, hakugusa divai, akimsikiliza mzee Octave. Mara mbili Fulbert alifungua kinywa, na mara mbili akakifunga. Mbele ya watu wote vile! Angesubiri kahawa.

Kisha Régis akamwomba akalete kahawa yenyewe kutoka jikoni mwa banda, maana yeye pekee ndiye aliyeelewana na ile mashine. Fulbert akaenda. Alisimama akiitazama ikidondosha, huku akipanga maneno yake.

Wakati huo huo, mezani, muuguzi aliangalia saa yake akasema samahani sana, gari linatakiwa nyumbani saa nane, mzee hataweza kungoja mpaka jioni. Mzee Octave aliinamisha kichwa, hakulalamika. Edwige akainuka.

"Basi asikie injini tu," akasema. "Bado ina joto la asubuhi. Dakika mbili, mzee wangu, nakuwashia wewe peke yako."

Fulbert aliyajua hayo baadaye. Alichosikia yeye, akiwa na vikombe vinne kwenye sinia, ni mluzi wa hewa ya kuwashia injini.

Sinia ilianguka, na alikuwa tayari anakimbia, mzee wa miaka sitini na mitatu, akigonga benchi za kazi njiani. Injini ikakohoa. Edwige, kama alivyojifunza, alikuwa ameusukuma wenzo mbele karibu mpaka mwisho, mahali pa unyonge kabisa. Injini ikashika kwa nguvu zake zote.

Ngurumo ile haikuwa ya kuwasha injini. Ilikuwa ya kupaa. Fulbert alitoka mlangoni akaona vitambaa vya meza vikiruka, viti vikibiringika, na Régis akijitupa chini kifudifudi kando ya gurudumu. Kikongwe alitetemeka juu ya vigogo vilivyozuia magurudumu, akavipanda, akavivuka. Ndani, Edwige alikuwa akisukuma wenzo. Alisukuma kwa mkono mzima, kwa bega, kwa mazoezi yote ya miezi mitatu, na kadiri alivyosukuma ndivyo ndege ilivyonguruma. Mkono uliosahau ungemwokoa. Mkono wake haukusahau.

Akaizima kwa swichi. Alikuwa amechelewa sekunde mbili. Mkia uliinuka, pua ikachimba nyasi, propela ya mbao ikapasuka na vipande vyake vikapigapiga bati la banda.

"Edwige!" Hakujua kama amesema au amewaza tu.

Walimtoa wakamlaza nyasini. Paji la uso lilikuwa linavuja damu, na mkono wa kushoto umevunjika chini ya kiwiko, umepinda mahali pasipo na kiungo. Alikuwa anapumua. Alikuwa macho. Fulbert alipiga magoti kando yake, na kitu pekee alichoweza kufanya ni kuhesabu pumzi zake.

"Umevuta," Régis alisema, uso mweupe kama karatasi. Hakuwa analaumu, alikuwa analia. "Ulitaka kupunguza ukavuta. Mazoea, dada yangu. Si kosa lako."

"Nilisukuma," Edwige akasema.

"Mkono ulizoea kule kwingine. Baba yako alisema."

"Nilisukuma, Régis. Wenzo uko wapi?"

Régis akapanda kuchungulia ndani. "Uko mbele. Lakini kishindo kile kingeweza kuurusha."

Edwige akamtazama baba yake. "Baba, ulisema kweli. Nilidhani nimesukuma. Naapa nilidhani. Kama sijui hata mkono wangu umefanya nini, basi mimi si rubani tena. Sitaki kugusa ndege yoyote. Nisamehe. Miaka tisa yenu yote."

Hayo ndiyo aliyopewa Fulbert. Alichokiomba kwa miezi yote ile, binti yake abaki ardhini, aliletewa mkononi, na msamaha akaombwa yeye. Alihitaji kunyamaza tu. Bolti angeirudisha jioni kwa dakika sita, na hakuna mtu duniani angejua. Na Edwige angeishi miaka yake yote iliyobaki akiuogopa mkono wake mwenyewe.

Aliinuka. Alikwenda kwenye pua ya ndege iliyofukiwa nusu, akang'oa bamba la ubavuni, akasema kwa sauti iliyomshangaza yeye mwenyewe:

"Njoo uone, Régis. Tundu la chini."

Régis akaja. Akatazama. Akatazama tena, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Nani ameigusa hii?"

"Mimi. Niliposema nakwenda kunawa. Alisukuma. Alifanya sawasawa kila kitu. Nilitaka kumwambia baada ya kahawa."

Mmoja wa wanachama aliketi chini palepale kwenye nyasi. Mzee Octave, kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, akasema polepole, "Tulikuwa na vijana wa miaka kumi na tisa, bwana. Wiki mbili wakajifunza. Hakuna aliyewageuzia wenzo."

Edwige hakufoka. Fulbert alikungoja kufoka kule kama mtu anavyongoja mvua, lakini binti yake alimtazama tu kana kwamba anajaribu kukumbuka wamewahi kuonana wapi.

"Kwa hiyo nilisukuma," akasema.

"Ulisukuma, mwanangu."

"Na wewe ulikaa mbele yangu ukala jibini."

Gari la wagonjwa likafika, wakamfunga mkono, wakamwinua. Mhudumu akasema nafasi ni ya mtu mmoja tu, nani anakwenda naye?

"Mimi," akasema Fulbert, mguu ukiwa tayari kwenye ngazi. "Mimi ni baba yake."

"Aje Régis," Edwige akasema.

Mhudumu alisita, akamtazama mmoja, kisha mwingine. "Dada, huyu bwana anasema ni baba yako."

"Ni baba yangu, ndiyo. Aje Régis."

Fulbert akautoa mguu kwenye ngazi. Régis akapita kando yake bila kumgusa, mlango ukafungwa. Alibaki amesimama palepale kwenye nyasi, mpaka dereva alipotoa kichwa dirishani na kumwomba asogee kidogo, gari lipite.