Mwamba Uliopigwa Msasa

Aloys aliipiga msasa picha ya shemeji yake Ninahazwe siku ya Jumamosi, mwenye picha akiwa ametoka kununua gundi, na aliipiga kwa nia njema. Nia njema hiyo ndiyo iliyomchoma Ninahazwe kuliko yote. Mtu akikuharibia kwa ubaya unajua pa kumshika. Akikuharibia kwa wema, mbaya unageuka wewe.

Miezi saba alikuwa akiijenga. Aliijenga dirishani mwa jiko la fleti ya Overport alimoishi na dada yake Agathe, msusi, na Aloys, mume wa Agathe, fundi wa kiwanda cha samani kule Mobeni. Alichanganya plasta na gundi na mchanga wa pwani, akapaka kwa kisu cha siagi, akabandika vipande vya kome, tabaka juu ya tabaka, mpaka miamba ya pwani ya Bluff ikasimama juu ya plaiwudi na kutupa vivuli. Kila Jumapili, wenzake wakiwa ibadani, alipanda basi hadi Bluff, akavua viatu, akaweka viganja juu ya mwamba na kukaa hapo mpaka aujue.

Tangu utoto wake Bujumbura walimpa majina: mkaidi, mgonjwa wa kichwa, mwenye pepo. Hakuweza kumtazama mtu machoni. Saluni ya Agathe ilimshinda kwa siku mbili tu, kwa sababu mlio wa mashine za kukaushia nywele ulimwingia hadi kwenye meno. Kuguswa ghafla kulikuwa kama kumwagiwa maji ya moto. Lakini kitu kilichopita chini ya vidole vyake hakikusahaulika tena.

Jumapili moja ya Agosti 1998, kanisa lao liliandaa maonyesho ya kazi za mikono za wakimbizi na majirani. Aloys, mzee wa kanisa, ndiye aliyeibeba picha, akiwa ameifunga kwa shuka tangu Jumamosi, kabla mwenyewe hajarudi. Ukumbini Ninahazwe akaivuta shuka, akapitisha mkono.

Mkono uliteleza.

Miamba haikuwapo. Palibaki uwanda laini wa kijivu, umepakwa vanishi, unang'aa kama meza ya ofisi.

"Nani?"

"Nilikusaidia kidogo," Aloys alisema, akitabasamu. "Ilikuwa inakwaruza watu. Leo wageni wa maana wanakuja, wanataka kuona bahari, si ukuta uliobanduka. Angalia sasa, iko propre, safi kabisa!"

"Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Mwamba. Rudisha mwamba."

"Punguza sauti, shemeji, watu wanatuangalia."

Maisha yake yote walimwambia apunguze: sauti, maswali, kutikisa mikono. Siku hiyo hakuwa na cha kupunguza. "Miezi saba!" alipiga kelele. "Miezi saba, wewe saa moja! Hukuuliza! Mbona hukuuliza?"

"Pepo limeamka," mama mmoja wa kanisa alisema, na kabla Ninahazwe hajarudi nyuma, mikono sita ilikuwa imemshika, mabegani na kichwani, wakikemea kwa pamoja. Ya Aloys ilikuwa utosini. Ninahazwe hakufikiri. Kiwiko kilienda chenyewe, kikatua puani kwa Aloys, na damu ikachuruzika juu ya shati jeupe la Jumapili.



"Omba msamaha," Agathe alisema.

"Yeye aombe kwanza."

"Ninahazwe, unanitia aibu mbele za watu!"

"Picha yangu ameiua. Hilo si aibu?"

Ninahazwe akaikumbatia plaiwudi yake, akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje.

Mwanamke mmoja mwenye mtandio alimfuata. Aliitwa Zaituni, alikuwa amekuja kutoka kitongoji cha Chatsworth na foronya zake za kushona. Hakumsogelea. Alikaa ngazi mbili chini yake, akatazama barabara, akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, alichoachiwa na bibi yake:

"Hiyo picha, naruhusiwa kuigusa?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Ninahazwe akaisogeza.

Vidole vya Zaituni vilipita juu ya vanishi bila kusimama, mpaka pembe ya chini ambako msasa haukufika. Hapo vikakwama. Vikarudi, vikapita tena polepole.

"Hii ni Bluff," alisema. "Hapa tulikuwa tunabandua kome, mimi na mama."

"Ndiyo, kome wako hapo."

"Nilikuwa na miaka kumi na tatu makaburu walipotupakia kwenye malori. Walisema pwani sasa ni ya wazungu, sisi twende Chatsworth. Mama alibeba sufuria lenye kome wabichi. Njiani wakaoza." Zaituni alikuwa akiyasaga maneno menoni. "Sasa wananiambia, sahau, mama, serikali iko mpya. Hayi! Sisahau mimi."

Ninahazwe aliitazama mikono ya Zaituni, iliyokunjwa ngumi. "Una hasira."

"Sana. Na hiyo pua, hata mimi ningeipiga."

Ninahazwe akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Hakurudi Overport. Jioni ile alipanda taksi na Zaituni hadi Chatsworth, akalala sebuleni pake.

Jumapili iliyofuata walikuwa wote wawili miambani, wakigombana. Zaituni alisema ufa mkubwa uko kulia. Ninahazwe alisema ni kushoto. Zaituni akasema yeye amezaliwa hapa, mtoto wa Burundi atamfundisha nini? Wakaenda kuuona. Ulikuwa kushoto. Zaituni alinuna mpaka maji yakapwa. Ndipo akapiga magoti na kumwonyesha shimo chini ya jiwe ambalo Ninahazwe hakuwahi kulijua, lenye kuta zilizokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Ninahazwe aliingiza mkono mpaka begani. Hakutaka kuutoa.

Baada ya wiki tano Aloys na Agathe walifika Chatsworth. Pua ya Aloys ilikuwa imepinda kidogo. Begani alibeba plaiwudi mpya, nene.

"Nisamehe, shemeji," alisema getini. "Sikujua kwamba ule mkwaruzo ndio picha yenyewe."

Ninahazwe aliigonga plaiwudi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Sijakusamehe," alisema. "Ubao ni mzuri. Uweke pale ukutani."

Badala ya kumkemea, Agathe alisogea kumpisha mumewe. Aloys aliuweka ubao ukutani.

"Karibuni chai," Zaituni alisema kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu ambaye naye hajasamehe.